"Sista, daktari amesemaje?"

Raundi ya asubuhi ikishapita, wodi hutulia kidogo. Daktari bingwa na wanafunzi wake wamehamia chumba cha pili, mafaili yamerudishwa mezani, na ndipo swali linapotoka kitandani kwa sauti ya chini: "Sista, eti daktari amesemaje?" Daktari alisema kila kitu dakika tano zilizopita, mbele ya mgonjwa huyohuyo, kwa Kiswahili, tena polepole. Mgonjwa aliitikia kwa kichwa akasema ahsante. Hakusikia kitu.

Masikio yake ni mazima na wala tatizo si elimu. Mtu aliyeingiwa na hofu hushika neno moja likamganda, mengine yote yakampita. Akitajiwa uvimbe, hasikii tena kwamba uvimbe wenyewe haujapimwa. Akitajiwa kukatwa, hasikii kwamba kitakachokatwa ni kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Daktari anapoondoka, anayebaki na mtu huyo saa nane, kumi, usiku kucha, ni muuguzi.

Tumezoea kusema kwamba nesi anayekaa na mgonjwa wa namna hii ana roho nzuri. Ni sifa, lakini ina hasara yake, kwa sababu inaifanya huduma hiyo iwe bahati ya zamu: ukimkuta mwenye roho nzuri umepona, ukimkuta mwingine utajikaza. Kuihudumia hofu, huzuni na hali ya kuelemewa ni ujuzi. Unafundishwa, una hatua zake, na unastahili kuandikwa kwenye faili pamoja na presha na joto la mwili.

Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, alilijengea hoja jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu uhusiano wa muuguzi na mgonjwa. Mafundisho yake kuhusu hofu, ambayo bado yanasomeshwa vyuoni, huipanga katika ngazi nne. Hofu ndogo haina ubaya. Mwenye nayo huuliza maswali na hukumbuka saa za dawa. Ikifika ngazi ya kati, mtu huweza kushika jambo moja kwa wakati, si zaidi. Ikiwa kali, hata hilo moja linamponyoka. Ya nne ni kiwewe, pale mgonjwa anapotaka kung'oa dripu na kukimbia. Kosa linalofanyika kila siku wodini ni kumpa somo mtu aliyefika ngazi ya tatu: anaelezwa namna ya kujichoma insulini, anaitikia, anapewa karatasi ya kutia sahihi, na kesho yake anaonekana mbishi kwa kuwa hakufuata hata moja. Mtu huyo alihitaji kwanza sauti ya chini, mtu aliyeketi badala ya kumsimamia kichwani, na sentensi fupi moja. "Nipo hapa. Vuta pumzi pamoja nami. Sasa itoe taratibu." Somo lingekuja baadaye.

Katika wodi zetu ni nadra mgonjwa kusema nina hofu. Atasema moyo unamwenda mbio, tumbo linamvuruga, kichwa kimekuwa kizito, usingizi umekataa. Baba wa makamo hatasema hata hayo. Atagombana na mhudumu kuhusu chai. Muuguzi anayeijua kazi yake hakimbilii kusema "ni wasiwasi tu". Anapima kwanza. Mapigo yakoje, oksijeni ikoje, jeraha linavuja, kibofu kimejaa, mgonjwa alikunywa pombe lini mara ya mwisho? Sukari ikishuka, mtu hutetemeka, hutoka jasho na kuchanganyikiwa sawasawa na mwenye kiwewe, na kumpa dawa ya kumtuliza hapo ni kumwacha azimie kimyakimya. Yote hayo yakishaondolewa ndipo hofu inapobaki kuwa hofu, na hapo nayo inapewa tiba yake.

Tiba hiyo mara nyingi ni taarifa, ila taarifa ya aina fulani. Mama anayepelekwa kufanyiwa upasuaji wa kujifungua huelezwa kwamba atachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Mara chache huambiwa yale atakayoyahisi: kwamba chumba kina baridi, kwamba miguu itaanza kupata joto kisha iwe mizito kama si yake, kwamba atasikia watu wakiongea na atahisi kuvutwa bila kuumia, na kwamba mwili unaweza kutetemeka baadaye. Mwenye kuyajua haya huyapokea yanapofika. Asiyeyajua, miguu ikikataa kusogea, huamini amepooza. Kumweleza hayo hakuchukui hata robo saa.

 

Nikiulizwa ni wapi tunashindwa zaidi, nitasema wodi ya wazazi. Mwaka 2020 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kwamba karibu watoto milioni 2 huzaliwa wakiwa wamekufa kila mwaka duniani, sawa na mmoja kila sekunde 16, na robo tatu yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Kila mmoja wa watoto hao ana mama, na mama huyo usiku ule analala mahali fulani. Katika hospitali zetu nyingi analala wodi ileile ya waliojifungua salama, kwa kuwa ndipo penye kitanda. Watoto wa wenzake wanalia kushoto na kulia. Asubuhi, ndugu wa mgonjwa wa jirani anaingia na chupa ya mtori, amechangamka, anamgeukia naye: "Hongera, mama. Wako wa kike au wa kiume?"

Wake amekwishachukuliwa. Mara nyingi hakuonyeshwa kabisa. Uamuzi ulifanywa koridoni na mume, mama mkwe na shangazi, wakati yeye akishonwa. "Asimwone, atazidi kuumia." Wanasema hivyo kwa mapenzi, na sayansi yenyewe iliwahi kuwaunga mkono. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza ulioonyesha kwamba akina mama waliomshika mtoto wao aliyezaliwa mfu walipata sonona zaidi walipobeba mimba iliyofuata. Tafiti zilizokuja baadaye hazikukubaliana zote na huo, na wengi wa walioulizwa walisema hawakujuta kumwona mtoto wao. Msimamo uliobaki ni huu: mama aulizwe yeye, asilazimishwe, wala asiamuliwe na watu wa koridoni.

Kuuliza nako kuna namna yake. "Mama, mtoto wako tumemsafisha na tumemfunika kwa kanga yako. Unaweza kumwona sasa, au baadaye kidogo, au usimwone. Lolote utakaloamua ni sawa." Kabla ya kumleta, muuguzi anasema atakavyokuwa: ni wa baridi, midomo imekuwa ya rangi nyeusi, ngozi imechubuka mahali fulani. Mama aliyeandaliwa hashtuki sana, na mara nyingi macho yake hayaendi kwenye ngozi iliyochubuka. Huenda kwenye vidole, kwenye nywele, kwenye pua ya baba yake. Muuguzi anauliza kama mtoto ana jina. Anauliza mambo ya dini pia, na kuyaachia familia. Kwa Waislamu umri wa mimba una maana kubwa, kwani aliyetimiza miezi minne ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa na kuzikwa, hivyo familia inahitaji kuambiwa umri huo kwa usahihi na kukabidhiwa mwili kwa heshima. Wakristo wengine watataka padri au mchungaji aje kwanza.

Halafu yanakuja maziwa. Hili hakuna anayelisema. Siku ya pili au ya tatu, mama akiwa pengine ameshafika nyumbani, matiti yanajaa, yanakuwa magumu na kuuma, na maziwa yanalowesha gauni wakati majirani wako sebuleni wakitoa pole. Mwili haujui kwamba mtoto hayupo. Mwanamke ambaye hakuonywa huona aibu, au huona anadhihakiwa. Maelekezo yenyewe ni mepesi: sidiria inayoshika vizuri bila kubana mno, kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, dawa ya maumivu, na kukamua kidogo tu pale maumivu yanapozidi, kwa kuwa kukamua mpaka yaishe huuambia mwili utengeneze mengine. Titi likiwa jekundu na homa ikipanda, arudi hospitali. Sentensi tano. Kumruhusu mama huyu aende nyumbani bila sentensi hizo tano ni upungufu wa huduma, sawa na kumruhusu bila kukagua mshono.

Na maneno. "Utapata mwingine." "Wewe bado mdogo." "Mungu kampenda zaidi." "Afadhali hakukuzoea." Wote tumewahi kuyasema. Kila moja linamwambia mfiwa anyamaze, kwa sababu halina jibu isipokuwa "ndiyo". Muuguzi aliyefunzwa husema, "Pole sana, mama. Nasikitika mtoto wako amefariki," kisha hanyanyuki. Kimya kile cha dakika mbili tatu ndicho kigumu kuliko kutafuta mshipa. Kikivumiliwa, swali lililokuwa limefichwa hutoka: "Ni kwa sababu nilibeba ndoo?" Au aligombana na mume, au alikunywa dawa za kienyeji, au alichelewa kwenda kliniki. Jibu la haraka la "hapana, usiwaze hivyo" humfungia mlango. Asikilizwe hadi mwisho. Ndipo aelezwe kinachojulikana kuhusu sababu ya kifo kama kinajulikana, na kama hakijulikani, hilo nalo lisemwe wazi. Baba wa mtoto, kwa upande wake, yuko nje anashughulikia kibali cha mazishi na gari. Mpaka anaondoka, pengine hakuna hata mmoja aliyempa pole yeye.

Wauguzi wengi walikaririshwa chuoni hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross: kukana, hasira, kujadiliana, sonona, kukubali. Kitabu chake cha mwaka 1969 kilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa Chicago, na kiliwavunjia madaktari ukimya wao. Hilo apewe heshima yake. Tatizo ni pale hatua hizo zinapogeuzwa ngazi za kumpandisha mfiwa, hata mtu aliyecheka siku ya tatu akaambiwa "bado anakana". Mimi naona Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, walisogea karibu zaidi na ukweli mwaka 1999 waliposema kwamba mfiwa huenda na kurudi: saa hii yuko kwenye msiba wake, saa ijayo yuko kwenye mambo ya maisha, kisha anarudi tena. Aliyekaa kwenye matanga ya kwetu hahitaji kufundishwa hilo. Mjane aliyezimia asubuhi ndiye huyohuyo mchana anayeuliza kama mchele utatosha na nani amepokea wageni wa Tanga. Wala hajapona, wala haigizi.

Msiba wetu, tukubali, unabeba mengi ambayo hospitali haiwezi. Majirani wanapika, wanaume wanalala nje kwenye turubai, daftari la rambirambi linazunguka, watu wanasimulia habari za marehemu usiku kucha. Eda ya mjane wa Kiislamu, miezi minne na siku kumi, inampa nafasi inayotambuliwa na kila mtu. Pengo liko pande mbili, kabla ya turubai kufungwa na baada ya kufunguliwa.

Upande wa kabla ni pale habari inapotolewa. Simu inapigwa: "Njooni hospitali, hali imebadilika." Ndugu wanafika wakihema, wanasimamishwa koridoni, na mtu anawaambia akiwa ameshika kitasa cha mlango. Kundi la madaktari wa saratani lilichapisha mwaka 2000 utaratibu wa kutoa habari mbaya ambao sasa unafundishwa nchi nyingi, na kiini chake hakihitaji vifaa: tafuta faragha, keti, uliza wanachokijua tayari, waonye kwamba habari si njema, sema kwa maneno ya wazi, ngoja kilio kipite, kisha eleza kinachofuata. Kwetu kuna nyongeza: nani aambiwe kwanza. Familia nyingi zitataka baba mkubwa au mjomba ajue kabla ya mama wa marehemu, ili awe amesimama karibu naye. Muuguzi asiyeuliza huipasua familia bila kujua. Neno ni "amefariki". Ukisema tu "tumejitahidi sana," kuna mtu atauliza ataruhusiwa lini.

Upande wa baada ni pale watu wanapoondoka. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeitambua huzuni inayoendelea kumfunga mtu zaidi ya miezi sita, kupita desturi za jamii yake, kuwa tatizo linalohitaji tiba. Nani atamwona mtu huyo mwezi wa saba? Pengine muuguzi wa kliniki ya presha, ambaye atagundua kwamba bibi aliyekuwa haruki tarehe ameruka mbili mfululizo, amekonda, na anasema dawa anazo bado. Hapo anauliza, na anauliza pia lile tunaloliogopa: "Bibi, kuna wakati unatamani ufe? Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, humwondolea upweke nalo. Sheria ndiyo inayotuwekea mwiba hapa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na mgonjwa anayeogopa polisi hatamjibu muuguzi ukweli. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba. Wabunge wetu wanaweza kulitazama hilo bila kungoja kesi.

Kuhusu kuelemewa niseme machache, kwa sababu neno hili linatumika vibaya. Mwanamume aliyekatwa mguu kwa kisukari, hataki kula, hataki kufundishwa kutumia magongo, anawafukuza watoto wake, huandikwa "hatoi ushirikiano". Muulize. Mara nyingi utakuta alikuwa fundi wa kupanda paa, au dereva wa bodaboda, na hesabu anayoipiga usiku ni ya kodi ya nyumba na bili ya hospitali. Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza mwaka 1984 kwamba mtu hupambana na shida kwa njia mbili, kuishughulikia shida yenyewe na kuyatuliza maumivu inayomletea. Maneno ya faraja peke yake yanashughulikia ya pili. Afisa ustawi wa jamii, fundi wa miguu ya bandia na mgonjwa mwenzake aliyerudi kazini wanashughulikia ya kwanza, na muuguzi ndiye wa kuwaita. Si lazima kila mmoja awe mtaalamu wa akili: huko Harare, Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa benchini na watu na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo, utafiti wa mwaka 2016 ukaonyesha nafuu ya wazi baada ya miezi sita, na mpango huo ukafika hadi Zanzibar.

Maumivu ya mwili nayo yasisahaulike. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alisisitiza kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya imani kwa pamoja. Uganda ililielewa hilo mapema: Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika morfini. Hofu ya usiku ya mgonjwa wa saratani hupungua sana akijua dozi ya saa kumi ipo.

Basi kwa nini haya hayafanyiki? Wauguzi watakujibu kwa haki: ni wachache. Zamu ya usiku yenye muuguzi mmoja na vitanda vingi haina robo saa ya mtu yeyote. Lakini mbona robo saa ya kujaza fomu za bima hupatikana? Hupatikana kwa kuwa fomu isipojazwa kuna anayeuliza. Hofu ya kitanda namba saba hakuna anayeiuliza, kwa sababu haikuandikwa popote, na kisichoandikwa hakikabidhiwi zamu inapobadilika. Tangu mwaka 1973, mkutano wa St. Louis, Marekani, ulipoanza kuyapa majina matatizo yanayoshughulikiwa na muuguzi, hofu, huzuni na kushindwa kuhimili vimeingia kwenye orodha pamoja na maumivu na vidonda vya kulalia. Wauguzi wetu wanasomeshwa orodha hiyo, wanaifanyia mtihani, kisha wanafika kazini na kukuta faili halina mstari wake.

Naye muuguzi ana moyo. Aliyefunga macho ya mtoto saa tisa usiku anatarajiwa saa tisa na nusu awe anachanganya dawa bila kukosea. Akilia anaambiwa hajazoea. Asipolia kabisa, ndugu wanasema hana utu.

Kwa waganga wafawidhi na makatibu wa hospitali wanaosoma gazeti leo, ombi ni la vitu vitatu visivyongoja wafadhili: mstari mmoja kwenye faili la wodi unaouliza mgonjwa anahofia nini, kitanda cha mama aliyefiwa kilichotengwa mbali na watoto hata kama ni kwa pazia, na chumba kimoja chenye mlango na viti vya kutolea habari. Nawe msomaji, ukienda kumwona mgonjwa wiki hii, usimwambie ajikaze. Muulize usiku amelalaje, na atakachokujibu, kabla hujatoka, kampe taarifa muuguzi wa zamu.